Njia Kuu Ilikuwa Upande wa Jukwaa

Simu ile ilinikuta nyumbani Msambweni, saa tatu asubuhi, nikiwa kibarazani na kalamu nyekundu mkononi. Nilikuwa nikisahihisha kumbukumbu za kikao cha kamati ya msikiti wetu, ambazo katibu huziandika kana kwamba hakuwamo kikaoni. Mke wangu husema kwamba siku nitakapokufa nitamsahihisha hata mwosha maiti.

"Bwana Stesheni," ilisema sauti ya mwanamke, bila hujambo wala habari za nyumbani. "Wamenichorea ukutani."

Nilimtambua mara moja. Alikuwa mjane wa mtu aliyegeuza pointi, zile reli zinazohamisha treni kutoka njia hii hadi ile, katika stesheni ndogo ya nyika ambako nilikuwa stesheni masta kwa miaka mingi. Yeye peke yake, katika watu wote waliobaki, bado aniita kwa cheo.

"Nani wamekuchorea, shemeji? Wamechora nini?"

"Alama ya X. Nyekundu, kubwa kama mlango. Wapimaji wamesema chumba changu cha mbele na jiko vimo ndani ya ardhi ya reli. Nivunje kabla ya mvua za masika. Na kaburi la mume wangu nihamishe."

"Haiwezekani. Nyumba hiyo tulipima mimi na marehemu kwa utepe, kabla hamjachimba msingi. Futi mia kutoka katikati ya njia kuu, na nyinyi mkajenga nje ya hapo."

"Ndivyo nilivyowaambia. Nao wakasema wamepima futi mia kutoka katikati ya njia kuu."

Kisha akasema polepole, "Wamepima kutoka reli zile treni inazopita, Bwana Stesheni."

Nilimwambia asihamishe hata kijiko na kwamba nitakuja. Nilipoweka simu chini niliona kwamba nimepiga mstari mwekundu mrefu katikati ya kumbukumbu za msikiti, juu ya jina la imamu.

Stesheni yenyewe sitaitaja kwa jina. Wakazi wa pale wamekwisha kupokea barua za kutosha. Iko Kwale ya bara, ambako ardhi ni nyekundu, mvua ni ya kubahatisha, na watu hufuga mbuzi na ng'ombe na kupanda mahindi kwa kumtegemea Mungu. Reli ile ya zamani ya kutoka Mombasa kwenda bara ilijengwa na wakoloni, kwa mikono ya watu walioletwa kutoka ng'ambo na kwa mikono ya wenyeji ambao hawakutiwa katika picha. Siku hizi mtu akiandika habari zake huanza na simba waliokula wajenzi. Simba walikuwapo, sikatai, lakini simba hawakuendesha reli. Reli iliendeshwa na watu waliokaa katika stesheni ndogo kama yetu, wakaandika saa ya kila treni iliyoingia na saa ya kila treni iliyotoka.

Stesheni hizi hazikuwekwa kwa ajili ya abiria. Ziliwekwa kwa sababu njia ilikuwa moja, na treni mbili zinazoelekeana haziwezi kupishana katika njia moja. Kwa hiyo kila stesheni ilipewa njia mbili. Ya kwanza, iliyonyooka na kupita kando ya jukwaa la abiria, tuliiita njia kuu. Ya pili ilijitenga nayo kwenye pointi za mashariki, ikapita upande wa kusini, ikarudi kuungana nayo kwenye pointi za magharibi. Hiyo tuliiita lupu. Treni moja ikingoja kwenye lupu, nyingine ilipita kwenye njia kuu. Baina ya katikati ya moja na katikati ya nyingine palikuwa na futi kumi na tano. Naomba msomaji azishike futi hizo.

Enzi za injini za moshi palikuwa pia na tangi la maji juu ya nguzo za chuma. Maji yaliletwa kwa mabehewa kutoka mbali, kwani nyika ile haikuwa na maji ya kumtosha hata mbuzi. Injini ikisha kunywa, wanawake waliokuwa wamekaa foleni tangu alfajiri waliruhusiwa kukinga madebe yao kwenye bomba la chini. Ruhusa hiyo haikuandikwa popote. Kila stesheni masta aliikuta kwa aliyemtangulia na kumwachia anayemfuata, na ole wake ambaye angethubutu kuifuta. Mgeuza pointi wetu ndiye aliyeshika ufunguo wa bomba, na ndipo alipomwona mara ya kwanza huyu aliyekuja kuwa mke wake, katika foleni, akimgombeza kwa sababu amefungua maji kidogo. Baadaye zilikuja injini za dizeli ambazo hazikunywa maji, kisha treni za abiria zikapungua hadi zikakoma, kisha ikajengwa reli mpya juu ya tuta refu, na treni zake hupita bila hata kutupigia honi. Kwenye reli ya zamani imebaki treni ya mizigo ya mara moja moja. Sasa yasemekana itafufuliwa, na ndiyo sababu kampuni fulani ya upimaji ilitumwa kuonyesha mipaka yake upya.

Nilifika siku ya pili yake. Jengo la stesheni limeng'olewa madirisha, lakini jukwaa lipo, na mawe yake ya ukingo yamenyooka kama tulivyoyaacha. Mpimaji nilimkuta kando ya reli, kijana wa bara mwenye kofia ngumu na chombo chake cha miguu mitatu. Aliniamkia vizuri, nami nikamwitikia vizuri. Nasema haya kwa sababu sikuona ubaya wowote kwake, wala hadi leo sijauona.

"Mwanangu," nilimwambia, "umepima kutoka lupu."

"Lupu gani, mzee wangu? Laini ni moja tu hapa."

"Zilikuwa mbili. Hii ni lupu. Njia kuu ilipita pale, kando ya jukwaa."

Alitazama nilikoonyesha. Palikuwa na majani makavu, mbuzi watatu na tairi kuukuu. "Reli zake ziko wapi?"

"Zilibebwa."

"Zilibebwa na nani?"

"Na waliozibeba," nikasema. "Vyuma chakavu vina miguu siku hizi. Lakini jukwaa halikubebwa. Hebu litazame. Wewe ni mtu wa vipimo: umewahi kuona wapi jukwaa la abiria lililojengwa mbali na treni namna hii? Abiria wangu walishuka vipi? Kwa kuruka kama panzi?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akalitazama jukwaa kwa muda. "Hilo ni neno, mzee. Lakini mimi sipimi kwa kukisia. Tulipewa rekodi za miaka ya mwisho; za nyuma zaidi hazipo." Akatoa simu yake, akanionyesha picha za kurasa za daftari la treni, lile lile tulilolijaza siku zote mezani pangu. "Ona mwenyewe. Hapa pameandikwa treni iliingia njia gani. Kuu. Kuu. Kuu. Nimepita kurasa mpaka macho yameuma, hakuna lupu hata moja. Sasa, kama treni zote zilipita njia kuu, na reli zilizosuguliwa na magurudumu ni hizi, basi kuu ni hizi. Iliyong'olewa ndiyo lupu. Si ndiyo?"

Mantiki yake haikuwa na kasoro. Ningekuwa mkubwa wake ningempandisha cheo.

"Na mwandiko huu," akaongeza, akiikuza picha kwa vidole viwili, "hata kompyuta haifikii. Nyinyi wazee mlijua kuandika, wallahi."

Ulikuwa mwandiko wangu.

Imenipasa sasa niandike jambo ambalo sikupata kuliandika mahali pake. Mwaka mmoja, kabla ya masika, nilitakiwa kuthibitisha kwamba makalvati yote ya eneo la stesheni, yaani mifereji ya kupitisha maji chini ya reli, yamezibuliwa. La mwisho lilikuwa mbali, upande wa magharibi, mahali pasipoonekana kutoka ofisini. Jua lilikuwa kali na nilikuwa na barua nyingi. Nilitia saini bila kwenda kuona. Mvua ikaja, kalvati likazidiwa, maji yakachukua kokoto chini ya njia kuu, na mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yakabaki yakining'inia. Lupu, iliyo juu kidogo, haikuguswa.

Kanuni ilinitaka niifunge njia kuu kwa barua na kueleza sababu. Sababu ilikuwa saini yangu. Basi nikaamuru treni zote zipitie lupu kwa siku chache, zikipishana stesheni za jirani, hadi genge la mafundi wa reli lije kurekebisha, na daftarini nikaandika Kuu ili pasiulizwe swali. Kwa usalama hapakuwa na hatari: lupu ilikuwa nzima, na dereva aliiona taa yake. Kwa ukweli, palikuwa na uongo mmoja kwa kila treni.

Mgeuza pointi alikuwa akiingia ofisini kutoa taarifa, naye alijua kusoma. Siku ya tatu aliinama juu ya daftari.

"Masta, mimi nimeipitisha lupu. Mbona waandika kuu?"

"Wewe shika mkono wa pointi," nikamwambia. "Kalamu niachie mimi."

Genge halikuja, kwa kuwa hakuna aliyeliita. Wiki zikawa miezi. Kisha siku moja mkaguzi aliteremka ghafla kutoka kwenye treni ya mizigo, akaona imeingia lupu, akafungua daftari, akakuta Kuu. Aliniuliza ni nani aliyekosea. Treni ilikuwa ikimngoja na dereva alikwisha kupiga honi. Nilisema kwamba ni mgeuza pointi, ameelekeza treni kinyume cha maandishi. "Mwandikie onyo," akasema mkaguzi, akapanda treni akaenda zake.

Nikamwandikia. Barua ilikuwa safi: tarehe, nambari ya treni, kosa, na kifungu cha kanuni. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Alistaafu na cheo kile kile alichoanza nacho.

Mimi nilihamishwa. Aliyenifuata alikuta treni zapita lupu na daftari lasema Kuu, naye akafuata vyote viwili, kwa sababu katika kazi yetu anayekuja huandika kama alivyokuta. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Majani yakaota kwenye njia kuu, mchanga ukaifunika, reli zake zikabebwa, na ukurasa juu ya ukurasa ukaendelea kusema Kuu, Kuu, Kuu. Na sasa kuu yetu ya karatasi ilikuwa imesogea futi kumi na tano kusini, ikaingia jikoni kwa mjane wa mtu yule.

Nilirudi Msambweni bila kumweleza mpimaji, na kwa mjane nilipita haraka, nikamwambia nitaleta pingamizi rasmi. Nililileta. Lilikuwa na kurasa sita, na lilitaja jukwaa, pointi, na utepe tuliopimia. Ofisi ilijibu kwa ufupi kwamba shauri litasikizwa Kwale baada ya wiki mbili, na kwamba mlalamikaji alete ushahidi wa maandishi kuonyesha kwamba daftari la treni lina makosa. Mstari huo niliusoma mara nyingi kuliko nilivyopata kusoma andiko lolote la kidunia.

Nyumbani ninalo sanduku la nakala zangu. Nilihifadhi nakala za barua zote nilizoandika katika utumishi, hata zile za kuomba mafagio. Nililimwaga lote sebuleni. Nakala ya barua ya onyo haikuwamo. Sikushangaa, kwa sababu nakumbuka vyema kwamba hiyo peke yake sikuiweka.

"Unatafuta nini?" mke wangu aliuliza, akinyanyua miguu kuvuka karatasi.

"Ushahidi."

"Dhidi ya nani?"

Nikaanza kuzikusanya karatasi. Siku zile nilikwenda sokoni nikarudi bila nilichotumwa. Msikitini nilisahau rakaa, mimi ambaye nimewahi kumsahihisha imamu. Kila wingu lililopanda kutoka baharini nililihesabu kuwa la masika. Nilijaribu kila njia ya kumtetea yule mwanamke bila kujitaja, na kila njia ilirudi kwenye pointi zile zile. Palikuwa na karatasi moja tu duniani iliyosema kwa muhuri kwamba treni zilipita lupu siku daftari liliposema Kuu. Kama ilikuwapo bado, ilikuwa kwake, na ilikuwa imeandikwa kumfedhehesha mumewe.

Ziliposalia siku tatu nilikwenda. Nilimkuta ameketi kwenye kigogo mbele ya ile alama nyekundu, akipepeta mahindi kama mtu asiye na shauri lolote. Kaburi lilikuwa hatua chache kutoka hapo, limezungushiwa mawe meupe, ya aina ile ile tuliyopangia bustani ya stesheni. Alinipa kiti na chai. Nilimwuliza habari za mbuzi. Nilimwuliza habari za chifu. Nilimwuliza kama bomba la kijiji latoa maji. Aliyajibu yote, kisha akaweka ungo chini.

"Bwana Stesheni, umekuja kunywa chai au umekuja kuniuliza barua?"

Nilikiweka kikombe chini. "Barua gani, shemeji?"

"Ile." Hakuinua sauti. "Wadhani mtu atapewa onyo kazini, arudi nyumbani, mkewe asijue? Alinisomea siku ile ile, hapo ulipokaa wewe, kabla hata nyumba hii haijaezekwa."

"Alikueleza na ilivyokuwa?"

"Yote. Kalvati, saini, daftari. Nilimwambia, nenda kamwambie mkaguzi. Akasema, mwache masta, ana watoto wadogo." Alikiokota kipunje cha hindi kilichoanguka, akakirudisha ungoni. "Nikamwuliza, na hawa wetu ni wakubwa?"

Nilitazama chini, na chini palikuwa na kuku akidonoa karibu na kiatu changu.

"Ulijua tangu siku uliyonipigia simu," nikasema.

"Nilijua. Nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Wapimaji wakiniuliza karatasi ningewapa, lakini barua yasema marehemu ndiye mkosaji. Nani angeniamini mimi, mchunga mbuzi, kwamba barua yenye muhuri yasema uongo? Aliyeiandika ndiye awezaye kuisemea."

Aliingia ndani, akatoka na sanduku la bati, na kutoka chini kabisa ya kanga na vyeti vya ubatizo vya watoto akatoa bahasha. Karatasi ilikuwa bado imekunjwa mara nne. "Alisema isitupwe. Karatasi ya kazi haitupwi, hujui itakufaa lini. Nami nikamwambia, hii itakufaa kuwashia moto." Akanipa, lakini hakuiachia papo hapo. Tukabaki tumeishika sote wawili. "Usinipotezee. Na ukifika kule usiende ukaifupisha."

Shauri lilisikizwa Kwale, katika chumba cha juu chenye feni iliyokuwa ikilia. Msikilizaji alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na mafaili yaliyopangwa kwa tarehe, na kwa mpango ule wa mafaili nilimheshimu na kumwogopa kwa pamoja. Mpimaji alikuwapo. Mjane alikaa kando yangu, amevaa kanga mpya, mikono mapajani.

Kurasa za daftari alizoleta mpimaji niliziweka upande mmoja wa meza, na barua upande wa pili. Msikilizaji alisoma ukurasa wa daftari, akasoma barua, akavua miwani.

"Mzee, tarehe ni moja na treni ni moja. Daftari lasema iliingia njia kuu. Barua yasema iliingia lupu. Na mwandiko ni mmoja. Wa nani?"

"Wangu, mheshimiwa."

"Basi hapa pana uongo. Uko wapi, daftarini au baruani?"

"Kote kuwili," nikasema.

Feni ililia. Nikaeleza. Nilikuwa nimeandika maelezo yangu kwa mpangilio, aya kwa aya, lakini nikaiweka karatasi chini nikasema kwa mdomo. Nilisema kwamba daftari lilidanganya kuhusu njia, na barua ilisema kweli kuhusu njia lakini ikadanganya kuhusu mkosaji. Nilisema mgeuza pointi alitii amri yangu, na kwamba waliokuja baada yangu waliandika kama walivyokuta. Nilipotaja kalvati nilijaribu kuanza na hali ya hewa ya mwaka ule, nikahisi kiwiko cha mjane ubavuni. Nikaacha hali ya hewa.

"Nitakuamini vipi leo," aliuliza msikilizaji, "ikiwa ulidanganya ukiwa kazini, chini ya kiapo cha utumishi?"

"Uongo wa zamani ulinifunika, mheshimiwa. Haya ninayoyasema leo hayanifuniki popote."

Aliandika kitu kirefu. Kisha akamgeukia mpimaji. "Hilo jukwaa wewe uliliona?"

"Niliona, madam. Mzee alinionyesha. Liko mbali na reli, ni kweli. Nilisema ni neno, lakini daftari…"

"Daftari tumekwisha kulisikia. Rudi ukapime kutoka ukingo wa jukwaa, utafute katikati ya njia iliyokuwa pale, kisha unipe futi mia zako."

Alirudi wiki iliyofuata, nami nilikuwapo. Alipima mara tatu, kwa kuwa nilimwomba. Vigingi vilikwenda kaskazini futi kumi na tano. Kaburi lilibaki nje ya mpaka kwa hatua moja fupi, na chumba cha mbele na jiko vikabaki nyuma yake salama. Mpimaji alinipa mkono. Hakuutaja tena mwandiko wangu.

Sitaki kuandika kwamba mambo yamekwisha. Vigingi vimehamishwa, lakini barua ya uamuzi yenye muhuri haijatoka hadi ninapoandika haya, na mtu aliyefanya kazi ofisini ajua kwamba kigingi bila barua ni kijiti tu. Alama nyekundu ipo bado ukutani, kwa maana aliyetumwa kuichora hakutumwa kuifuta. Kila Jumatatu napanda Kwale kuuliza. Karani wa mapokezi akiniona hunyanyua mikono kabla sijafungua mdomo. Mawingu ya masika yamekwisha kuanza kukaa, na kila nikiyaona nampigia simu mjane kumwuliza kama kuna aliyekuja. "Hakuna," hujibu. "Kunywa chai yako, Bwana Stesheni."

Siku ile vigingi vilipohamishwa nilikuwa nimekuja na barua nyingine mfukoni. Niliiandika Msambweni kwa siku nne, ndefu kidogo kuliko ile ya kwanza. Sina ofisi tena wala muhuri, lakini niliiandika kwa utaratibu wake: tarehe, kumbukumbu ya barua ya awali, kisha kwamba onyo lile limeondolewa kwa kuwa halikuwa na msingi, kwamba kosa lilikuwa la aliyelitia saini, na kwamba mgeuza pointi alitekeleza wajibu wake siku hiyo na siku zote. Mpimaji alipokwenda zake nilimkabidhi mjane bahasha mbili, ya zamani na mpya.

Ya zamani aliitia kifuani. Mpya aliitazama nje, juu ya jina.

"Hii si yangu," akasema. "Imeandikwa jina lake."

"Nimekuletea wewe uihifadhi, shemeji."

"Nitaihifadhi. Lakini ile ya kwanza ulimpa mkononi, akaisoma akiwa amesimama." Akanirudishia. "Msomee."

Nilikwenda hadi kwenye mawe meupe. Nilivua kofia, nikaifungua barua, nikaisoma kwa sauti tangu tarehe hadi saini, nikiwa nimesimama. Sikufupisha. Nilipomaliza niliikunja mara nne, nikampa mjane kwa mikono miwili, naye akaingia nayo ndani.